Mkusanyiko wa Sinéad O'Connor wa 1997: "War" ilikwepwa makusudi au ni hakimiliki tu?

#1 Kipanga78
Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

So Far... The Best Of Sinéad O'Connor, mkusanyiko wa nyimbo za mwimbaji huyu wa Ireland, ilitoka Novemba 1997 chini ya lebo ya Chrysalis. Mlango wake ni "Nothing Compares 2 U", kama kila mtu alivyotarajia. Mtu asiyemjua mwimbaji akiisikiliza yote atadhani ni dada mmoja mwenye sauti kali aliyeumizwa na mapenzi. Hatajua kwamba huyu ndiye aliyeimba "War" ya Bob Marley bila ala yoyote kwenye Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, usiku wa 3 Oktoba 1992, akamaliza kwa kuchana picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili mbele ya kamera, moja kwa moja hewani.

Hoja yangu: lebo iliruka mwaka 1992 ili imsafishe auzike. Anayebisha alete ushahidi.

#2 Mkunazini
Ungesema "War" haimo tungekubaliana mapema. Kusema 1992 imerukwa si kweli. Tazama orodha tena: "Success Has Made a Failure of Our Home" na "Don't Cry for Me Argentina" zote zinatoka Am I Not Your Girl?, albamu ya Septemba 1992 iliyosimamiwa na Phil Ramone kwa okestra kubwa. Ya tatu ni "I Believe in You" ya Bob Dylan, nayo ni ya mwaka huohuo. Nyimbo tatu za mwaka mmoja si kurukwa.

#3 Kipanga78
Mkunazini ahsante, umenipa silaha zaidi. Usiku ule wa Saturday Night Live aliimba mara mbili. Wimbo wa kwanza ulikuwa "Success", wa pili "War". Siku 13 baadaye, 16 Oktoba, alipanda jukwaa la Madison Square Garden kwenye tamasha la miaka 30 ya Dylan, na alichopangiwa kuimba ni "I Believe in You". Sehemu ya ukumbi ikazomea, nyingine ikashangilia. Akawazuia wapigaji, akaomba maiki iongezwe, akaifokea "War" tena na kuondoka.

Kwa hiyo albamu ina wimbo ulioitangulia "War" na wimbo ambao "War" iliuchukulia nafasi. Katikati pako wazi. Mnaniambia ni bahati mbaya?

#4 FundiMitambo
Kipanga, unaona njama mahali penye makaratasi.

Kila rekodi ina haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: "War" imeandikishwa kwa majina ya Allan Cole na Carlton Barrett, na maneno yake yametolewa kwenye hotuba ya Haile Selassie. Kupata kibali cha kurekodi upya wimbo ambao tayari umeshatoka ni kazi nyepesi, unalipa kiwango kilichowekwa na unaendelea. Ya pili ni haki ya sauti yenyewe iliyonaswa. Ile ya 3 Oktoba ni matangazo ya televisheni ya NBC, na Chrysalis hawakuwahi kuwa na mkanda wake. Kituo chenyewe kilipokuwa kikirudia kipindi kilitumia mazoezi ya kabla ya kipindi, ambapo alishika picha ya mtoto na hakuchana kitu. Mtu aliyeificha sauti yake mwenyewe atakuuzia wewe uiweke kwenye CD?

Toleo lake la studio la "War" lilitoka 2005 kwenye Throw Down Your Arms, iliyorekodiwa studio ya Tuff Gong, Kingston, na wapigaji wa Jamaika Sly & Robbie. Mwaka 1997 wangeweka nini?

#5 BintKisauni
Hiyo ya makaratasi nakubali nusu. Lebo hii ilipotaka, ilibisha hodi kwa watu. "Heroine" aliyoimba na The Edge wa U2 mwaka 1986 ni ya muziki wa filamu Captive, mali ya lebo ya Virgin. "You Made Me the Thief of Your Heart" ni ya filamu In the Name of the Father, ilitoka lebo ya Island. "Empire" ni ya Bomb the Bass akishirikiana na Sinéad na mshairi Benjamin Zephaniah, 1995, si yake kabisa. "I Believe in You" ilitoka kwanza kwenye A Very Special Christmas 2, diski ya Krismasi ya kuchangia Special Olympics. Milango minne waliigonga ikafunguliwa. Ule wa tano hatuna dalili kwamba waliugusa.

#6 FundiMitambo
Bint, hizo nne ni rekodi zilizokwisha kutoka madukani, zina mkataba na bei. Matangazo ya moja kwa moja yana kituo, chama cha wasanii, mwenye studio, na hapo katikati yupo mtu aliyekasirika. Si mlango wa aina moja.

#7 RasMakini
Naingilia kidogo kwa upande wa wimbo, maana naona mnauzungumzia kama kifurushi.

Hotuba ya Selassie ni ya 4 Oktoba 1963, Umoja wa Mataifa, New York. Marley aliiweka kwenye albamu ya Rastaman Vibration, 1976. Kwenye ubeti wa tawala dhalimu, Marley anazitaja Angola, Msumbiji na Afrika Kusini. Sinéad alizifuta zote tatu, akaweka unyanyasaji wa watoto mahali pake. Nawauliza wanaomsifu kwa kuimba "War": alikuwa na haki ya kuondoa nchi zetu?

#8 Mkunazini
Ras, Angola na Msumbiji zilipata uhuru 1975, mwaka mmoja kabla Rastaman Vibration haijatoka. Hata Marley alikuwa anaimba habari iliyopita, na hakuna aliyemwandama.

Ila kuna jambo la tarehe ambalo halitajwi. Sinéad alichana picha 3 Oktoba 1992. Siku iliyofuata, 4 Oktoba, FRELIMO na RENAMO walitia saini mkataba wa amani wa Msumbiji, Roma, na wapatanishi walikuwa Jumuiya ya Sant'Egidio, Wakatoliki hasa. Wimbo ukafutwa jina la Msumbiji usiku, na kesho yake Msumbiji inapata amani kwa mkono wa kanisa lilelile. Sina hitimisho hapo, naweka tu mezani.

#9 RasMakini
Hiyo ni nzito. Lakini kanisa kupatanisha vita Msumbiji hakufuti unyanyasaji wa watoto uliotendeka kwenye taasisi za kanisa Ireland. Ripoti ya Tume ya Ryan ya 2009, iliyochunguza unyanyasaji huo, ilithibitisha aliyoyasema miaka 17 nyuma, na Machi 2010 Papa Benedikto wa 16 akawaandikia Wakatoliki wa Ireland barua ya kuomba radhi.

#10 Kipanga78
Turudi kwenye albamu jamani, msinigeuzie uzi kuwa kipindi cha historia.

#11 SautiYaTatu
Wakati mnagombana, wengine tunataka kuimba hizi nyimbo. Kwa walimu wa kwaya na wanaopiga mahotelini, huu mkusanyiko ni darasa, na makosa yake yanajirudia.

"I Am Stretched on Your Grave" ndiyo inayowaangusha wengi. Ni shairi la Kiayalandi la karne ya 17 kwa tafsiri ya Frank O'Connor, tuni ya Philip King. Chini yake kuna ngoma ya "Funky Drummer" ya James Brown, ule mpigo wa Clyde Stubblefield, na besi. Hakuna kinanda, hakuna gitaa la kodi (chord). Sauti haina pa kujishikiza, kwa hiyo mwimbaji anashuka taratibu bila kujua. Mwishoni anaingia Steve Wickham wa bendi ya The Waterboys na fidla, na kama umeshuka nusu toni fidla inakuumbua mbele ya watu. Dawa: mpe mwimbaji noti moja ndefu ya msingi kwenye spika yake ya jukwaani, ndogo sana, hadhira isiisikie. Izime fidla inapoingia.

"The Last Day of Our Acquaintance" ni kodi mbili tu mwanzo hadi mwisho. Urahisi wake ndio mtego. Watu wanaanza na nguvu ya kati, bendi inapoingia hawana pa kwenda. Anza kwa sauti ya kumnong'oneza mtu aliyekaa kiti cha jirani, gitaa la kawaida peke yake, na mpiga ngoma asiguse kitu mpaka ubeti wa mwisho.

"Nothing Compares 2 U" ipo kwenye ufunguo wa F. Wanaume wengi washushe hadi D. Prince aliiandikia bendi ya The Family, ikatoka 1985 bila kelele. Alichoongeza Sinéad ni vile vivunjiko vya sauti kutoka kifuani kwenda kichwani ndani ya silabi moja. Usivilazimishe kila mstari. Yeye anaviweka mahali pachache, ndiyo maana vinachoma.

#12 KandaNaSahani
SautiYaTatu umemaliza. Naongeza maiki, maana hapo ndipo watu wa mitambo wanapomharibu mwimbaji.

Sauti ya namna hii inatoka mnong'ono hadi ukelele ndani ya mstari mmoja. Ukimwekea gaini (nguvu ya kupokea sauti) ya mnong'ono, ukelele unapasuka. Weka gaini kwa kumsikiliza akipiga ukelele wake mkubwa kabisa, usivuke -6 dB kwenye mikisa, kisha mwambie asogee. Mnong'ono sentimita 3 hadi 5 kutoka maiki, ukelele 25 hadi 30 na kichwa kigeuke kidogo pembeni. Kata besi chini ya hezi 100, kwa sababu akikaribia sana maiki ya kawaida sauti inajaa uzito wa chini na maneno yanapotea. Kompresa (kifaa cha kubana sauti kubwa) iwe 3:1, ipunguze dB 4 hadi 6 basi. Ukizidisha hapo mnong'ono na ukelele vinalingana, na wimbo umeuawa.

#13 Teteeme
Sasa nyie mnafundisha bendi ya harusi kuimba "Troy"? Bibi harusi atakimbia ukumbi 😂

#14 SautiYaTatu
"Troy" isipigwe harusini kabisa. Ni zaidi ya dakika 6 za binti akizungumza na mama aliyempiga. Mpige "Thank You for Hearing Me" mkitaka, ingawa mstari wa mwisho unamshukuru mtu kwa kuvunja moyo, kwa hiyo MC awahi kuifungia njiani.

#15 BintKisauni
Nimeona watu wanalalamika kwamba albamu inaruka-ruka. Haikupangwa kwa miaka. Ukitaka kumsikia akikua, zima mpangilio wa lebo utengeneze wako hivi: anza na "Heroine" ya 1986. Halafu "Troy" na "Mandinka" za 1987 kutoka The Lion and the Cobra, akiwa na miaka 20 na mimba wakati wa kurekodi. Aliyesimamia mwanzo ni Mick Glossop, kazi ikatupwa, akaisimamia mwenyewe. "Mandinka" kwa waliokulia na habari za Kunta Kinte haihitaji maelezo, chanzo ni Roots ileile. Kisha nne za 1990: "I Am Stretched on Your Grave", "The Emperor's New Clothes", "Nothing Compares 2 U", "The Last Day of Our Acquaintance". Zifuate tatu za 1992 alizotaja Mkunazini kwenye #2. Halafu "You Made Me the Thief of Your Heart", ambayo Bono, Gavin Friday na Maurice Seezer waliiandika. Baada yake za Universal Mother ya 1994: "Fire on Babylon", "John I Love You" na "Thank You for Hearing Me". Funga na "Empire".

Kwa mpangilio huu shimo la Kipanga linasikika vizuri zaidi. Kutoka "I Believe in You" kwenda "Thief" sauti ni ya mtu mwingine.

#16 KandaNaSahani
Sauti ilibadilika kwa sababu ya mafunzo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alisoma bel canto, uimbaji wa jadi wa Kiitaliano, Dublin kwa Frank Merriman, ameandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zake, Rememberings, 2021. Sikiliza pumzi kwenye "Thank You for Hearing Me": mistari inarudiarudia umbo lilelile na hakuna hata mmoja unaokatika.

Jingine kwa mnaojitengenezea orodha: hizi rekodi zina tofauti ya miaka tisa baina ya ya kwanza na ya mwisho, studio tofauti, ukubwa wa sauti tofauti. Kwenye programu ya simu chagua usawazishaji wa ukubwa wa sauti kwa albamu nzima, si wa wimbo mmojammoja. Ukiacha wa wimbo mmojammoja, "The Last Day" inavutwa juu kwa sababu ya mwanzo wake wa chini, na bendi inapoingia inagonga ukuta. Mnaonakili kutoka CD, WAV (faili lisilobanwa) inakula takriban MB 10 kwa dakika, FLAC (lililobanwa bila kupoteza ubora) karibu nusu yake. MP3 ya kbps 320 ni MB 2.4 kwa dakika na kwa spika za kawaida inatosha. Nakili kwa programu inayosoma tena sehemu yenye mikwaruzo, la sivyo unahifadhi mikwaruzo milele.

#17 Kipanga78
KandaNaSahani, kwa kuwa umegusa CD: kuna jamaa aliniambia nafasi ndiyo ilikuwa tatizo.

#18 KandaNaSahani
CD ya wakati ule ilibeba dakika 74, ukibana 80. Orodha ile ni ndefu, nakubali. Lakini "War" bila ala ni dakika 3 tu, na waliona nafasi ya "Argentina". Nafasi ni uchaguzi.

#19 Mkunazini
Na hiyo "Argentina" mbona hamuiulizi? Filamu ya Evita ya Madonna, yenye wimbo huo, ilitoka Desemba 1996. Kufikia Novemba 1997 dunia nzima inaujua huo wimbo upya. Muuzaji yeyote angeubandika. Kwa maoni yangu orodha hii ilitengenezwa na mtu wa mauzo anayetazama redio, wala hakuwa na chuki na "War". Hakuwa hata akiifikiria.

#20 BintKisauni
Au ilitengenezwa na mtu aliyemwogopa tangu siku ya kwanza. Ganda la The Lion and the Cobra la Uingereza linamwonyesha mdomo wazi kama anapiga kelele. Wamarekani wakapewa ganda jingine, macho chini, mikono kifuani. Huo ni mwaka 1987, miaka mitano kabla ya picha ya Papa. Tena bosi wa Ensign, lebo yake iliyokuwa chini ya Chrysalis, alipomtaka afuge nywele na avae sketi fupi, akaenda kunyoa kipara. Lebo na huyu mama hawakuwahi kukaa chungu kimoja.

#21 RasMakini
Mnasahau upande wake. Tuzo ya Grammy ya 1991 aliikataa. Mwaka 1989 alipanda jukwaa la Grammy na nembo ya kundi la rap la Public Enemy imechorwa kichwani, kwa sababu tuzo ya rap haikuonyeshwa kwenye televisheni. Mtu wa namna hiyo angekubali kitendo cha 1992 kigeuzwe wimbo namba fulani kwenye CD ya kuuzwa msimu wa Krismasi? Huenda yeye ndiye aliyekataa. Alishasema wazi kwamba hakujutia.

#22 FundiMitambo
Ras, ushahidi wa kwamba alikataa uko wapi?

#23 RasMakini
Na wako wa kwamba lebo iliuliza NBC ikanyimwa?

#24 Teteeme
1-1.

#25 Kipanga78
Nyongeza kuhusu nani ana ufunguo wa nini. Filamu ya Kathryn Ferguson juu ya maisha yake, 2022, inaitwa Nothing Compares, na wimbo wenyewe haumo kwa sababu wasimamizi wa mirathi ya Prince walikataa. Kwa hiyo filamu ina "War" na haina "Nothing Compares 2 U", na mkusanyiko wa 1997 una "Nothing Compares 2 U" na hauna "War". FundiMitambo, hapa nakupa pointi moja ya makaratasi. Moja tu.

#26 Mkunazini
Kwa Waislamu wenzangu mnaouliza kwenye faragha: alisilimu Oktoba 2018, akachukua jina la Shuhada' Sadaqat, ila jukwaani aliendelea na jina la Sinéad O'Connor. Alifariki London 26 Julai 2023, akiwa na miaka 56, msafara wa mazishi ukapita Bray 8 Agosti. Allah amrehemu. Tusiufanye uzi wa dini.

#27 SautiYaTatu
Aamin. Swali la kiufundi kwa Kipanga au Bint: "I Believe in You" iliyomo kwenye mkusanyiko ni ileile aliyotaka kuimba Madison Square Garden? Nataka kujua mpangilio wa ala kabla sijawapa waimbaji.

#28 BintKisauni
Ya mkusanyiko ni ya studio, ile ya diski ya Krismasi. Ya Madison haikuimbwa, kwa hiyo haipo. Ila alifanya mazoezi na bendi kabla ya tamasha na mazoezi yalirekodiwa. Diski ya tamasha ilipotoka 1993 hakuwemo kabisa. Toleo jipya la 2014 ndilo lililoyaweka mazoezi yale kama ziada. Bendi ya nyumba ilikuwa ya Booker T. & the M.G.'s, kinanda kipo chini yake muda wote. Sikiliza zote mbili, kisha wape waimbaji ile ya mazoezi.

#29 FundiMitambo
Na hiyo ya mazoezi ilichukua miaka 22 kutoka, na ni sauti ambayo haikumkera mtu yeyote. Sasa piga hesabu ya NBC.

#30 Kipanga78
Miaka 22 ya makaratasi au miaka 22 ya woga? Nasubiri mwenye mkataba wa Chrysalis na Ensign auweke hapa. Albamu yake iliyofuata, Faith and Courage ya 2000, ilitoka lebo ya Atlantic, na mimi naona mkusanyiko huu ulikuwa wa kufunga hesabu kabla hajahama.

#31 KandaNaSahani
Kama ni wa kufunga hesabu, basi nadharia yako ya kumsafisha imekufa. Duka linalofunga halipaki rangi.

#32 Kipanga78
Linapaka, likitaka kuuza jengo.